Vipimo vya Mama Mkwe

Mtaani aliitwa Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana watu walikuwa wanachelewa kumpa. Aliandika programu za kompyuta, na alimpenda binti wa fundi cherehani. Mama wa binti, ndiye fundi mwenyewe, hakuzunguka mbuyu.

"Nitengenezee programu ya vipimo vya wateja wangu. Ifanye kazi kwenye kompyuta ya dukani, kwenye simu yangu na kwenye tableti ya mume wangu. Ikifanya, walete wazee wenu. Isipofanya, nisikuone tena hapa."

"Mama, hiyo kwangu ni kumsukuma mlevi."

Siku ya kukabidhi alifika na shati lililopigwa pasi hadi likakaribia kukata. Kompyuta ya dukani ikafunguka, na wateja wote hawa hapa: mabega, viuno, urefu wa mikono. Mtaalamu akatazama dari kwa unyenyekevu wa kuigiza.

"Sasa simu," mama akasema. Akaifungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Jina: Mama Mkwe. Kifua: mlango wa ghala. Kiuno: kimetoroka. Sauti: honi ya lori."

Mafundi wengine dukani wakaacha kushona, wakageuka.

Mtaalamu alijua palepale ni wapi alipoteleza. Programu haiifikii moja kwa moja hifadhidata, yaani ghala la taarifa. Hupitia kiunganishi, programu ndogo ya katikati, na kiunganishi lazima kionyeshwe njia ya kulifikia ghala hilo. Yeye aliandika njia inayoeleweka na kompyuta peke yake, kwa kuwa ndiyo mashine aliyojaribia. Simu ilipoikosa, kiunganishi kikashika njia ya akiba, ile ya majaribio, yenye wateja wa kubuni aliowaandika chumbani kwake huku akijichekea.

"Mama, hao ni watu wa mfano tu."

"Mfano wa nani?"

Nyuma ya pazia, baba wa binti alikuwa anacheka huku ameshika ukuta.

"Mke wangu, hata kwenye tableti yupo! Honi ya lori! Miaka yote nilikuwa natafuta neno!"

"Wewe subiri, zamu yako inakuja." Mama akamgeukia Mtaalamu. "Keti. Rekebisha hapa hapa, nikikutazama."

Akaketi. Akaifuta njia ya akiba, akaiweka hifadhidata mahali pamoja panapofikika na mashine zote kwa mtandao wa dukani, kisha akakipangia kiunganishi mipangilio ya kila mashine kwa namna inayoielewa. Jasho likalimaliza shati lake.

"Huyo mlevi mbona hasukumiki?" mama akauliza.

Alipomaliza, mama akamsimamisha, akamzungushia utepe wa kupimia: mabega, kifua, kiuno, mwisho kichwa, ingawa hakuna aliyetaja kofia. Akampa mgongo, akaandika kwenye simu, akahifadhi.

Kompyuta haikuonyesha kitu. Mtaalamu akaanza kusali. Ndipo sauti ya baba ikasikika nyuma ya pazia, ikisoma taratibu kutoka kwenye tableti:

"Mteja mpya. Kiuno: hana. Kichwa: kimejaa upepo. Nguo: suti ya harusi."

Kufumba na kufumbua, maneno yaleyale yakatokea kwenye kompyuta. Mtaalamu akayasoma mara ya pili, akasita kwenye neno la mwisho.

"Mama... ina maana..."

"Nilisema ikifanya kazi, walete wazee. Sikusema lolote kuhusu adabu," mama akajibu, akiketi kwenye cherehani yake. "Hiyo atakufundisha binti yangu."