Kivuli cha Bosko Kilipokataa Kuketi

Saa mbili asubuhi, kwenye kizuizi nje kidogo ya Karatu, lori la vitunguu kutoka Mang'ola lilisimama, na mbwa aitwaye Bosko akaketi mbele ya gunia la tatu. Akiketi, maana yake amenusa nyamapori. Kivuli chake hakikuketi. Kilinusa vumbi kidogo, kikavuka barabara peke yake.

Penina, mwalimu wa mbwa, hakushtuka. Yeye hufundisha kwa miezi sita: anaficha kipande cha ngozi ya swala kati ya magunia, mbwa akikipata anapewa ini, akikosa hagombezwi. Adrian, msimamizi wa kampuni ya mbwa wa ukaguzi, alimchukua Bosko mwezi wa pili wa mafunzo, akammalizia masomo kwa fimbo kwa wiki mbili, akampa cheti chenye mhuri. Kwenye kampuni ile, ukiwa na filimbi na buti wewe ni mwalimu. Fimbo ilimfundisha Bosko jambo moja tu: bwana akisita, keti. Asubuhi hiyo Adrian alisita kwenye gunia la tatu. Masomo ya Penina yalikuwa yamebaki kwenye kivuli.

Kivuli kikaketi kando ya pikapu ya Adrian. Mgambo wa kizuizi alisogeza mguu asikikanyage. Penina akafunua turubai, akakuta paja la swala ndani ya gazeti. Wote waliliona. Adrian naye aliliona, akalifunika vizuri kwa sababu ya nzi.

Magunia ya lori yakamwagwa yote, vikatoka vitunguu.

"Mwalimu, mimi nimebeba vitunguu tu," alisema Valeria, mwenye mzigo.

"Najua, mama."

Adrian akatoa fomu. Iliuliza mbwa ameketi wapi. Penina akakataa kusaini.

"Bosko hajahitimu," alisema. "Kilichohitimu ni kivuli."

"Kivuli hakina cheti, Mwalimu," Adrian akajibu kwa upole, akasaini mwenyewe. Lori likafungiwa uani, na vitunguu vya Valeria vikakaa humo mpaka vikaota.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Penina hakuwa mvumilivu. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na mwandiko mzuri. Kila asubuhi alikuja na daftari, akaandika mbwa ameketi wapi na kivuli kimeketi wapi. Wiki ya tatu akalipeleka ofisini. Wakalisoma lote, wakamshukuru.

Mwezi uliofuata kampuni ilitoa kanuni zake za kwanza za kazi ya mbwa, ukurasa mmoja: ukaguzi wote ufanyike saa sita mchana, jua likiwa utosini.

Siku kanuni zilipoanza, Bosko aliketi mbele ya lori jingine la vitunguu. Kivuli kilikuwa kimebanwa chini ya tumbo lake. Adrian akafungua fomu. Penina akapiga magoti kwenye lami ya moto, akatoa kipande cha ini mfukoni, akaanza kukifundisha kivuli kutoka.