Mgeni wa Dimbwini

Pale dimbwini neno samaki lilikuwa mwiko. Watoto watatu walikubaliana hivyo: ukilitamka tu, wenyewe wanasikia na wanahama. Kwa hiyo samaki aliitwa mgeni, na kila aliyetupa ndoano alinong'ona, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Dimbwi lenyewe lilikuwa shimo lililoachwa na wafyatua matofali, likajaa maji ya mvua, na perege wake hawakuzidi kidole. Lakini hakuna mvuvi mwenye meli aliyewahi kurudi nyumbani na maringo kama yao.

Ndoano zilikuwa pini za kushonea, alizoziiba msichana pekee kati yao kwenye kopo la mama yake. Minyoo pia alichimba yeye, maana wale wavulana wawili, pamoja na ubabe wao wote, minyoo iliwatia kinyaa. Wakamwita Chambo. Mmoja wao alikuwa Mapengo, mwingine Bubu. Si kwamba hakujua kusema, ila akishika fimbo yake ungedhani ulimi kausahau nyumbani.

Chambo sasa ni fundi cherehani, bibi wa wajukuu wanne, na pini ananunua mwenyewe. Mapengo walimzika miaka mitatu iliyopita. Dimbwi lilifukiwa, pakajengwa kituo cha mafuta. Kila Chambo akipita hapo hutafuta harufu ya tope, akapata ya petroli, na moyoni humtukana mwenye kituo, mtu wa watu ambaye hajamkosea lolote.

Ndipo binti wa Bubu akapiga simu. "Shangazi, baba anasahau. Juzi kaniuliza mimi ni mke wa nani. Kama unataka kumwona, usikawie."

Chambo aliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akaondoka. Njia nzima hofu ilikuwa moja. Watu wote walimwita Fundi, au Bibi. Jina la Chambo lilibaki kinywani mwa mtu mmoja tu duniani. Huyo akilisahau, yule msichana mwenye tope magotini atakuwa amekufa, na hakuna atakayemlilia.

Alimkuta Bubu uani, kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji. Binti yake alikuwa anamwosha.

"Baba, mgeni amefika," binti akasema.

Mzee akaweka kidole mdomoni. "Sauti chini. Mkubwa?"

Binti akaduwaa. Chambo akapiga magoti kando ya beseni na kunong'ona lile jibu lao la zamani. "Mdogo. Ila wenzake wako nyuma."

Mzee akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika kama zamani. Kisha akamgeukia, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Chambo akauinua uso wake apate kuonekana vizuri.

"Karibu, mama," mzee akasema, kwa adabu tunayowapa watu tusiowajua. "Kaa hapo, ila usitikise maji. Namngoja Chambo. Kaenda kuchimba minyoo."

Iliuma, na iliuma vibaya. Maneno "Ndiye mimi" yalimfika Chambo kwenye ncha ya ulimi. Akaitazama mikono yake, safi, yenye mishipa, akayameza.

"Na asipokuja?" akauliza.

"Nani, Chambo?" Mzee akamwangalia kama aliyesikia upuuzi. "Humjui wewe. Yule hajawahi kutuangusha."

Chambo alifuta macho kwa upindo wa kanga. Kwenye ukosi wa blauzi yake, kama kawaida ya mafundi, kulikuwa na pini mbili tatu. Akachomoa moja, akaikunja kwa meno kama alivyozikunja akiwa na miaka tisa, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. Mzee akaigusa ncha kwa kidole, akatikisa kichwa kuikubali.

Binti akaleta kigoda. Chambo akakaa karibu na rafiki yake, akanyamaza kama sheria ya dimbwini ilivyotaka, wakamngoja Chambo.