Msala Ulioangalia Beni

Kila Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, Maliro alifagia ukumbi wa mnada katika komini ya Vulamba, akapanga viti vya plastiki na kuweka juu ya meza nyundo ndogo ya fundi viatu. Alikuwa katekista. Kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya ndoa kanisani, aliuza vitu vya zamani: mazulia, michoro, saa za ukutani, barua za watu waliosoma. Vitu vililetwa na lori kutoka nyumba za upande wa Beni, ambazo wenyewe walikuwa wamezikimbia kwa sababu ya vita. Komite ya mnada ilikuwa imeamua kwamba kitu kisicho na mwenyewe kiuzwe, na faida isaidie wakimbizi.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mchoro wa mlima Ruwenzori. Theluji yake ilitoa baridi, kwa hiyo watu wa mstari wa mbele walikuja na majaketi. Kulikuwa pia na fungu la barua ambazo mwalimu mmoja, mtunzi wa riwaya, alikuwa amemwandikia mke wake. Zilinong'ona ndani ya kamba iliyozifunga, na wanunuzi waliongea kwa sauti ya chini ili wasizikatize. Mwisho kulikuwa na zulia jekundu, lililofifia katikati, lililofumwa nchi ya mbali, zamani sana.

Zulia lilimpa Maliro kazi. Alilitandika liwaelekee wanunuzi, nalo likageuka taratibu mpaka likaelekea Beni. Akalirudisha. Likageuka tena.

"Uiache, Papa Maliro," alisema mzee mmoja aliyekuwa amekimbia kutoka huko. "Inakumbuka kwao. Hata mimi kitanda yangu inafanyaka vile."

Maliro alilihurumia, akaliacha.

Ilipokaribia alasiri, aliingia mwanamke aitwaye Kahindo. Alikuwa anauza ndizi sokoni na kulala kwa familia iliyompokea. Aliacha kandambili zake mlangoni, akalitazama zulia kwa muda.

"Hapana Beni inaangalia," alisema. "Inaangalia Maka. Beni iko tu mu njia. Ni musala ya bwana yangu."

Wakati huo saa ya sala ilikuwa imefika. Manyoya ya zulia yalilala, yakafanya alama ya nyayo mbili. Baadaye kidogo zikaja alama za magoti, za viganja, na mbele yake alama ndogo ya paji la uso.

"Ndiye yeye," alisema Kahindo. "Yassini."

Yassini alikuwa dereva wa lori. Alifia njiani kati ya Beni na Mutwanga, na hakuna aliyeweza kwenda kumchukua. Kahindo alikimbia na nguo alizovaa. Tangu siku ile alikuwa anamwomba Mungu jambo moja tu: amwonyeshe mahali mume wake anaposali.

Maliro aliweka nyundo chini. Hakuwahi kuuza kitu ambacho juu yake mtu amepiga magoti.

"Tungoje amalize," alisema.

"Umwambie afupishe," alisema mnunuzi mmoja nyuma. "Niko na mukutano."

"Na padiri akirefusha misa, unamwambiaka afupishe?" aliuliza Maliro.

"Padiri ananijua jina."

Watu wakacheka kidogo. Kahindo alifunga kitambaa vizuri kichwani, akasimama nyuma ya zulia kama alivyosimama nyumbani miaka yote, akasali pamoja na mume wake. Maliro alitoa rozari mfukoni. Barua ziliacha kunong'ona.

Walipomaliza, Kahindo alikwenda kwa Séphora, katibu wa komite.

"Mama Séphora, naomba munirudishie musala."

"Uko na karatasi, mama?"

"Karatasi ilibaki mu nyumba. Nyumba nayo, sijui nani iko mule."

"Basi donc haina mwenyewe."

"Mwenyewe ni ule alikuwa anasali."

"Nimemuona," alisema Séphora kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Lakini hakuleta karatasi. Tukirudishia wewe, kila mutu atakuja kusema kitu ni yake."

"Na kama ni yake kweli?"

Séphora alifikiri. Alikubali kwamba swali ni zuri, na akaahidi kulifikisha kwenye kikao. Kisha akampa Kahindo kipande cha sabuni na ndoo, kwa maana alikuwa kwenye orodha ya wakimbizi wa kusaidiwa.

Maliro aliuza zulia kwa sauti ya chini. Alitaja bei mara ya kwanza, akangoja. Alitaja mara ya pili, akangoja zaidi ya kawaida, huku akimtazama Kahindo, ambaye alikuwa na ndoo tu. Nyundo ilipogonga meza haikusikika sana. Zulia lilichukuliwa na Henri, mfanyabiashara wa Goma aliyekuwa akiwauzia watu wa nchi za nje.

Kahindo alimfuata mpaka kwenye pickup.

"Papa, bateja yako banaitandikaka chini?"

Henri aliangalia viatu vyake. "Banaitundikaka ku ukuta, mama."

"Ku ukuta atasali namna gani?"

"Sijui. Nitabaambia baitandike. Hapana nakuahidi kama batasikia."

Kahindo alitikisa kichwa kukubali. Alilikunja zulia mwenyewe, kwa kuanzia upande wa miguu, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Goti yake ya kushoto inamuuma," alisema. "Ni lori ilimuharibia. Asubuhi, kukiwa baridi, muweke kitu laini chini."

Henri alivua koti lake, akalitandaza ndani ya pickup, na zulia likalazwa juu yake. Kahindo aliweka mkono hapo kidogo. Alisema maneno ambayo hayakuwahusu wengine. Kisha gari likaondoka kuelekea Goma, naye akarudi sokoni kabla ndizi hazijaharibika.

Jumamosi iliyofuata lori lilileta mlango mzuri wa mbao, wenye nakshi, kutoka kijiji kingine ambacho watu walikuwa wamekikimbia. Uliegemezwa ukutani. Kutoka upande wa pili mtu alikuwa anabisha hodi, bila haraka, kama mgeni mwenye adabu. Maliro alimwomba avumilie, akaendelea kupanga viti.