Funda la Pili

Picha ilifika Mkoani, Pemba, kabla ya mwenyewe. Hamdan aliposhuka melini, mchukuzi aliyempokea begi alimwambia, "Yakhe, tumekuona Ulaya unakunywa chai ya karafuu!" Hamdan akacheka kwa kujilazimisha.

Aliyeisambaza ni Mzee Marhoun, baba wa Shadya, mchumba wake. Mzee ana mashamba ya mikarafuu. Kumwona mkwe mtarajiwa katika baridi ya Ujerumani, ameshika kikombe kinachofuka, karafuu zinaelea juu, kulimjaza fahari hata akaionyesha picha msikitini. Msikitini, jamani!

Basi alasiri hiyo Hamdan akaitwa barazani asimulie safari. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Alivua kofia, akaivaa. Pua ndiyo iliyomponza. Huko Ujerumani, wenzake wa kozi ya mitambo ya barafu walimburuta kwenye tamasha la vyakula na mvinyo mjini, naye akaapa kula samaki tu na kurudi. Akamla samaki. Halafu ikaja harufu ya karafuu na mdalasini kutoka kwenye sufuria kubwa iliyokuwa ikichemka. Mpemba aliyeganda kwa baridi ungemwambia nini? Kwake ile ilikuwa chai. Akanunua, akapigwa picha, akamtumia Shadya, akapiga funda. Mwenzake akamcheka: ule ni mvinyo uliochemshwa.

Hapo ndipo alipotakiwa kumwaga.

"Haya, hebu twambie," alisema Mzee Marhoun, akiwageuzia majirani simu waone. "Karafuu yetu wanaipikaje huko? Shadya yumo ndani anapika mfano wake. Tutawanywesha watu siku ya harusi."

Hamdan angetaja tangawizi, angetaja sukari, na mambo yangekwisha. Alifungua mdomo kusema hivyo hasa. Lakini nyuma ya pazia alisikia vikombe vikipangwa, akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Ilikuwa mvinyo, mzee. Sikujua."

Majirani wakatazama miguu yao. Mzee akazima simu.

"Kutojua kuna msamaha," alisema hatimaye. "Ulipojua, ukamwaga?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia tangu uwanja wa ndege.

"Hapana. Nikapiga funda la pili. Ilinukia kwetu, mzee, na mie nishachoka kukaa mbali. Nimetubu, lakini hilo nililinywa nikijua."

Vikombe vikanyamaza. Mzee Marhoun akageukia pazia. "Mwanangu, umesikia. Weye ndiye utakayeishi naye."

Hamdan akainuka aage, akitafuta viatu asivione. Pazia likasogea. Shadya akatoka na sinia, macho yamemwiva, akaweka kikombe pale alipokuwa amekaa Hamdan.

"Funda la pili ungelinificha, nisingelijua maisha, nawe hukunificha," alisema. "Kaa unywe chai, inapoa."

Hamdan akakaa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na safari hii hakuinuka.