Wanaoingia Hawatoki

Mtu wa kwanza kugonga mlango wa chumba cha mitambo asubuhi ile alikuwa karani wa bili, na hakusubiri hata kukaribishwa. Alisema mashine imelala. Nyuma yake akaja mchora ramani, naye akasema hivyo hivyo, ila aliongeza kwamba amebofya pale pale mpaka kidole kimekufa ganzi na kile kiduara bado kinazunguka. Mama Seva aliwasikiliza wote wawili huku ameshika tama. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Aliijua siku itakavyokuwa tangu alipofungua skrini yake na kuona majina.

Pale idara ya maji kulikuwa na mashine moja kubwa, iliyokaa kwenye chumba cha baridi na kunguruma mchana kutwa. Vile vilivyokuwa mezani kwa watu vilikuwa skrini na vibao vya kuandikia tu. Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya ile moja, ambayo wote waliiita seva, na huyu mama aliyeitunza wakamwita Mama Seva. Kila aliyeingia kwa jina lake na neno lake la siri alifunguliwa kikao chake humo ndani, kama mtu aliyepewa chumba, na kikao hicho kilikula nafasi mpaka mwenyewe atoke au atolewe. Shida ni kwamba watu waliingia vizuri sana. Kutoka ndiko kuliwashinda.

Akatazama orodha, damu ikaanza kumchemka. Mhasibu mkuu alikuwa mezani kwake, na wakati huo huo alikuwa mapokezi, stoo na chumba cha mikutano, mtu mmoja mwenye tumbo lake moja. Mtunza stoo alikuwa likizo, amekwenda mbali kumwoza binti yake, lakini kwa mujibu wa seva alikuwa kazini tangu mwezi uliopita na hajainuka kitini. Hata meneja alikuwa na vikao viwili, kimoja kimesahaulika kwenye chumba ambacho siku hizi waliweka matairi.

Si kwamba hakuwa amesema. Alikuwa amesema mpaka sauti ikamkauka. Alibandika matangazo ukutani: TOKENI MKIMALIZA. Alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akawaomba kama anayeomba kura. Wakatikisa vichwa, wakamwambia kweli kabisa Mama Seva, wakarudi mezani, na jioni wakaondoka wameacha kila kitu wazi. Wengine walimkwepa koridoni wakijua ataanza.

Basi siku hiyo alipiga moyo konde akaenda kwa meneja. Akamweleza kwamba anataka kuiagiza seva yenyewe iwe inafunga kikao chochote ambacho mwenyewe hajakigusa kwa nusu saa. Meneja alikuwa anasoma simu. Alisema, bila kuinua macho, fanya, fanya, wewe ndiye mtaalamu. Mama Seva akarudi, akaandika maagizo, na akatunga ujumbe wa kumtokea kila atakayefungiwa. Aliuandika kwa herufi kubwa ili wasije wakasema hawakuuona: KIKAO CHAKO KIMEFUNGWA.

Mpaka saa sita mashine ilikuwa nyepesi kama imetua mzigo. Karani wa bili alipita akasema leo inaruka. Mama Seva alikunywa chai yake ikiwa bado ya moto, jambo ambalo hakukumbuka lilitokea lini mara ya mwisho.

Halafu ikalia simu, meneja anamwita ofisini.

Ilikuwa hivi. Meneja alikuwa na wageni wakubwa kutoka wizarani, wamekaa mapokezi wanamsubiri, naye ametoka kidogo kwenda uani kuangalia gari. Dada wa mapokezi aliingia ofisini kwake kupanga glasi, akatupa jicho kwenye skrini, akasoma kwamba kikao kimefungwa. Akaona hilo si neno la kupuuza. Akarudi kwa wageni, akawaomba radhi kwa adabu zote, akawaambia kikao cha leo kimefungwa. Wageni wakachukua mikoba yao wakaondoka. Meneja aliporudi alikuta viti vimebaki na joto tu.

Mama Seva alisimama mbele ya meza akaeleza kwamba kile ni kikao cha mashine, si kikao cha watu.

"Kwani mashine nayo ina vikao?" aliuliza meneja. "Inakutana na nani?"

Akaeleza tena. Meneja akasema yeye na wakuu wa vitengo waondolewe kwenye mpango huo. Mama Seva akajibu, kwa upole uliomgharimu, kwamba wakuu wa vitengo ndio hasa walioijaza mashine. Wakaachana bila kuelewana. Alichokubali kubadilisha ni ule ujumbe tu. Akafuta neno kikao, akaandika, hata kwa waliokwisha kufungiwa: UMETOLEWA KWENYE MASHINE. Akaona hapo hata mtoto ataelewa.

Alikuwa hajakaa sawa akaona mtu amesimama mlangoni. Alikuwa mhandisi wa mabomba, na zaidi ya kuwa mhandisi alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye tangu ahamishiwe mji ule aliishi nao nyumba moja. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti. Akikasirika alizidi kuwa mpole, na hapo ndipo watu walipoogopa.

"Wifi," alisema, "umenitoa?"

"Si mimi, ni mashine imekutoa. Hukuigusa nusu saa."

"Na mashine imeambiwa na nani?"

Wifi yake alikuwa anapiga hesabu ya mtaa wa kilimani: maji yatapanda kwa nguvu gani, bomba hadi bomba, nyumba hadi nyumba, na pampu ipi itafaa kuyasukuma. Hesabu ya namna hiyo haiishi kwa kikombe kimoja cha chai. Ilikuwa inajiendesha yenyewe tangu mwisho wa wiki, na yeye alikuwa ameiacha, kama inavyoachwa sufuria ya maharage jikoni. Seva ilikuwa imeagizwa itazame vidole tu. Haikuona vidole, ikafunga kikao, na kila kilichokuwa kinaendelea ndani yake kikafa. Bodi ilikuwa inakutana wiki hiyo hiyo kuamua pampu.

Mama Seva alijitetea. Alisema aliwaambia wahandisi tangu zamani kwamba mwenye hesabu ndefu amjulishe.

"Nilikujulisha," alisema wifi. "Jumamosi, nyumbani, ukiwa unapiga pasi. Ukaniambia sawa."

Akakumbuka pasi. Akakumbuka shati la mumewe lililokuwa na mkunjo mkaidi kwenye kola. Maneno ya wifi hakuyakumbuka hata moja, na hilo lilimuudhi kuliko yote, kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu. Mpaka jioni wapambe wa ofisi walikuwa wameshapata la kuchekea: Mama Seva amekata wifi.

Nyumbani mambo yalikuwa yametangulia kufika. Mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua mboga, na alipomwona mkamwana wake anavua viatu hakuitikia salamu. Alikuwa amemsikia binti yake akizungumza na simu chumbani, akimwambia mtu kwamba ametolewa na kazi yote imepotea.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimekukosea nini, mpaka umfukuzishe binti yangu kazi?"

Mama Seva alikaa. Akasema hakuna aliyefukuzwa. Akaeleza habari za seva tangu mwanzo, vyumba na milango na nafasi inayoliwa bure, akaona anaeleza vizuri kuliko alivyomweleza meneja. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho huku anang'oa majani.

"Kama hakufukuzwa," aliuliza, "mbona kazi imepotea?"

Mumewe, aliyekuwa kwenye kochi, aliona busara kuingia bafuni na kukaa huko muda mrefu. Wifi alitoka chumbani, akasema, mama, kazini nipo, mshahara upo, ni hesabu tu. Lakini alilisema kwa sauti ile ya upole wake, na mama yake akalisikia kama neno la mtu anayemficha mkosaji. Wakaketi kula. Kijiko kikigonga sahani kilisikika kama kitu kimevunjika.

Kesho yake Mama Seva na wifi yake walikwenda kazini pamoja. Mama Seva alifungua chumba cha mitambo, akamvutia wifi kiti, akamuuliza wafanye nini. Wifi alisema hesabu ikianza upya sasa hivi inaweza kuwahi bodi, lakini si kwa mashine inayogawiwa watu wote. Ilihitaji seva nzima, peke yake.

Maana yake ni kwamba idara nzima itoke. Itoke kweli, kwa hiari yake, kila mtu akihifadhi kazi yake kwanza, maana jana ilishaonekana kumtoa mtu kwa nguvu kunazaa nini. Mama Seva alicheka kicheko kisicho na furaha. Alikuwa anaombwa apate ndani ya asubuhi moja kile alichokililia miaka yote. Akajifunga kibwebwe akaanza meza hadi meza.

Alianza na mhasibu mkuu. Alimwomba atoke kwenye mashine. Mhasibu mkuu alivimba. Alisema anashangaa kusingiziwa, maana yeye hutoka kila siku, tena ni wa kwanza kutoka.

"Hebu nionyeshe unavyotoka," alisema Mama Seva.

Mhasibu mkuu alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha skrini. Kioo kikawa cheusi. "Nimetoka," alisema.

Mama Seva alikitazama kioo, akamtazama yeye. Kisha akabonyeza kitufe kile kile. Kioo kikawaka, na hesabu zote za mhasibu mkuu zikawa pale pale zilipokuwa, zimetulia, zinamtazama. Mzee wa watu uso ulimshuka. Aliuliza kwa sauti ya chini ina maana mtu yeyote aliweza kuja jioni akawasha akaona mishahara. Mama Seva alisema ndiyo. Akamuuliza nani alimfundisha kutoka hivyo. Hakuna aliyemfundisha, alijibu. Alimwona mwenzake anafanya.

Karani wa bili, kioo. Dada wa mapokezi, kioo. Mchora ramani yeye alichomoa waya kabisa, na alijiona ndiye mwangalifu kuliko wote. Mama Seva alisimama katikati ya ukumbi, chini ya tangazo lake mwenyewe, akalisoma kama mgeni. Tokeni mkimaliza. Hakuna mahali lilipoeleza mtu atokeje. Miaka yote alikuwa anawapigia kelele watu waliokuwa, kwa akili yao, wanamtii kila jioni. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, ila sasa hakujua aishushe kwa nani, akawa anatembea nayo. Aliwaonyesha mmoja mmoja: bofya jina lako hapa, shuka mpaka chini, bofya hapa, subiri ikuulize, kubali. Wengine alirudia mpaka ulimi ukachoka. Mhasibu mkuu alitaka aandikiwe, kisha akataka aandikiwe kwa herufi kubwa zaidi.

Wa mwisho alikuwa meneja. Alipoombwa atoke aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Haya," alisema, "nionyeshe. Na usimwambie mtu."

Seva ilipobaki tupu, wifi aliingia peke yake. Safari hii Mama Seva alimwonyesha namna ya kuianzisha hesabu ili isitegemee kikao. Iachwe nyuma inajiendesha, hata mwenyewe akitoka akaenda zake. Alimwonyesha polepole, akingoja asikie neno nimeelewa kabla ya kuendelea. Na ule mpango wa kufunga aliurekebisha: kwanza umwonye mtu, umpe muda wa kuhifadhi, na usiguse kamwe hesabu iliyo kazini. Idara ilishinda inafanya kazi kwa karatasi na manung'uniko. Kila aliyepita mlangoni aliuliza bado tu, na Mama Seva alijibu bado, mpaka akaufunga mlango kwa komeo.

Hesabu ilimalizika siku moja kabla ya bodi, na haikuleta habari njema. Pampu ambayo meneja alikuwa ameshaisifu kwenye hotuba ingefikisha maji nusu ya mlima. Nyumba za juu zingepata hewa. Meneja aliuliza kama haiwezekani mashine imekosea kwa kuchoka. Wifi alisema, kwa upole ule, kwamba haichoki, na kesho yake akaieleza bodi vivyo hivyo. Wakatoa maneno mengi, wakakubali iagizwe pampu kubwa zaidi, na kwa hiyo watu wa kilimani wasubiri tena.

Baada ya bodi wifi hakurudi ofisini. Alimwambia Mama Seva anapanda mlimani kuwaambia watu mwenyewe, kabla hawajalisikia kwa mtu mwingine limeharibika, na kama ana nafasi amsindikize. Mama Seva alikuwa na simu inayolia mkononi, meneja anampigia. Akaizima, wakapanda.

Njia ilikuwa ya mawe na ilitaka magoti. Karibu na juu walimkuta mama mmoja ametua ndoo, anapumua, kanga ameikunja kichwani. Alimtambua mhandisi, akauliza bomba lini. Wifi alimweleza yote bila kupamba: kwamba lingekuja mapema lakini kavu, na sasa litakuja kwa kuchelewa lakini lina maji. Yule mama alisikiliza, akasonya.

"Nyie watu mnachosha," alisema.

"Tunachosha," alikubali Mama Seva.

Akainama, akashika mpini wa ndoo upande mmoja, wifi akashika wa pili, wakampandishia.