Fundi wa Mabomba

Damaris aliweka dumu lake chini ya bomba la Mzee Mwambire, akazungusha koki, na badala ya maji ukatoka wimbo wa maziko. Ulitoka ubeti wa kwanza wote, kwa sauti nne, ndipo maji yakafuata. Pamela, mke wa Mwambire, aliwalalamikia wanawake waliokuwa foleni kwamba tangu juzi bomba limekuwa zito, ndoo haijai mpaka ubeti uishe, na yeye ana nguo za kufua.

Juzi ndipo alipofariki Ngowa, baba yake Damaris, aliyepiga kinanda cha kanisa la Mikanjuni tangu ujana wake. Kinanda chenyewe kilikuwa cha mabomba, si hivi vya umeme vya siku hizi. Wamisheni wa zamani walikishusha bandarini Takaungu, wapagazi wakakipandisha vilimani huku wakimlaani aliyekileta, na kikakaa pale kikinguruma kila Jumapili mpaka mchwa walipoila mivukuto yake ya kuyapulizia mabomba hewa. Baraza la kanisa likaketi, likaamua aitwe fundi wa mabomba. Mzee Mwambire, mwenyekiti, ndiye aliyepewa kazi ya kumtafuta. Akaenda Kilifi mjini, akauliza fundi wa mabomba, akaonyeshwa Kioko.

Na Kioko ni fundi wa mabomba kwelikweli. Muulize vyoo, muulize matangi. Alikifungua kinanda kile, akayapanga mabomba yote nje kwenye nyasi, makubwa kwa madogo, akauliza yalazwe wapi. Hapo Mwambire angesema, la, fundi, hatukuelewana, haya ni ya nyimbo. Angesema tu! Lakini uani kwake hakukuwa na maji, basi akamwonyesha pa kuchimba. Waumini walipouliza kinanda kimekwenda wapi, akawaambia ufunguo wa kanisa anao Ngowa, aulizwe Ngowa. Ngowa siku kinanda kilipofunguliwa alikuwa Rabai mazikoni, lakini nani alijali? Akawa mwizi. Akikaa benchi hili, watu wanahamia lile. Watoto walimwimbia njiani, na wazazi wao wakicheka.

Sasa maiti iko mochari Kilifi, na Damaris anataka jambo moja tu: baba alazwe katika makaburi ya kanisa, ubavuni mwa mkewe, Kavumbi, mama yake Damaris, ambako nafasi ipo na ndivyo mzee mwenyewe alivyoomba. Padri Joram amekataa. Aliyekula mali ya Mungu halali katika ardhi ya Mungu, alisema, mpaka familia iseme kinanda kiko wapi.

Damaris aliliacha dumu likimwagika, akaenda kumwita padri. Padri akaja, akasimama, akasikiliza. Katika ubeti wa pili, pale sauti inapopanda, bomba likakosea noti, likarudi nyuma, likaanza tena. Ngowa alikuwa na kidole kilichokatwa na panga akichonga madafu, na kwa miaka yote hakuwahi kuipata noti ile kwa jaribio la kwanza. Foleni nzima ilijua. Hata Pamela aliweka ndoo chini kuingoja.

"Padri, unasikia?" Damaris aliuliza.

"Nasikia."

"Hicho ndicho kinanda. Na anayepiga ni baba."

"Ni yeye," padri alikubali. "Hata alipokuwa hai alikuwa akinichosha hapo hapo."

Mwambire akatoka ndani na mswaki mdomoni. Damaris akamwamkia, shikamoo mzee, maana adabu ni adabu, ingawa kama si padri kusimama pale angemtemea mate.

"Marahaba. Mbona mmenijazia ua?"

"Mabomba ya kanisa yamo chini ya ua wako, mzee."

"Yamo. Nani kasema hayamo? Baraza lilitaka fundi wa mabomba, nikaleta fundi wa mabomba."

"Mbona basi ulimwita baba yangu mwizi?"

"Ufunguo si alikuwa nao yeye?"

Wanawake wakamtazama Damaris kama aliyeingiza mbuzi kanisani. Mmoja akasema, wewe una maneno, baba hajazikwa bado unatafuta ugomvi kwenye ua wa watu. Mwingine akamsogezea dumu lake kwa mguu, apishe.

Damaris akamgeukia padri. "Ulisema kinanda kikionekana, baba atazikwa kanisani. Si hiki?"

"Nilisema familia iseme," padri akajibu. "Nyinyi hamkusema. Limesema bomba."

Basi Ngowa akazikwa shambani kwake, kando ya mihogo, na waliomzika ni Damaris na majirani wawili, Gona na Mwaringa, waliokuja kwa sababu hawakuwa watu wa kanisa. Kwaya haikufika. Ilikuwa uani kwa Mwambire, ikifanya mazoezi na bomba.

Jumapili mabenchi yakahamishiwa kule kule, yakapangwa kati ya banda la kuku na kamba ya nguo, kwa kuwa kinanda hakihamishiki. Padri akabariki koki. Kisha akasoma matangazo: kinanda cha kanisa kilichoibwa na marehemu Ngowa kimepatikana, kwa juhudi za mwenyekiti wetu, Mzee Mwambire. Makofi yakapigwa. Akaendelea kwamba, kwa shukrani, baraza limemtengea mzee mahali pake pa kupumzika siku Mungu atakapomwita, katika makaburi ya kanisa, pale palipobaki nafasi, ubavuni mwa marehemu Kavumbi.

Mwambire akainuka, akavua kofia, akawashukuru wote. Pamela akafungua bomba. Damaris alikuwa amesimama nyuma, maana benchi lolote alilokaribia lilijaa ghafla, na moyo wake ulikuwa unachemka kwa chuki, hana haja ya kuificha. Chini ya ua, baba yake akaanza kupiga, na watu waliomwita mwizi wakafungua vinywa, wakamfuata vizuri sana.