Kina Masatu Wote Marehemu

Mwaka 1996, wanunuzi binafsi wa pamba walipokwisha kuingia mkoani, chama cha ushirika pale Musoma kilibaki na kompyuta moja na wafanyakazi wachache. Meneja, mzee Masatu Makongoro, alifariki, akazikwa kwao Makoko. Mpiga chapa, Hyasinta, aliagizwa aongeze neno "marehemu" kwenye jina lake katika faili la wafanyakazi. Ili asihangaike ukurasa kwa ukurasa, aliiamuru kompyuta iweke "marehemu" mbele ya kila Masatu. Katika ofisi ya Wajita na Wakwaya, ambao kwao jina Masatu ni la kawaida, theluthi ya wafanyakazi ilifariki kwa mpigo.

Masatu Bernado, fundi wa kinu cha pamba Bunda, alipata habari za kifo chake getini. Mlinzi alimzuia kwa heshima. Mkewe, Jenoveva, alikuwa amekwisha kupelekewa mchele wa matanga, na alikuwa ameupika. Kinu kilikuwa kinapunguza watu kesho yake, na hakuna mtu rahisi kumpunguza kama aliyekufa. Fundi akapanda basi la Musoma kufuata karatasi iliyosahihishwa.

"Nafuta tu hilo neno," alisema Hyasinta.

"Hapana," alisema Kaimu Meneja Stanislausi. "Ukifuta, utakuwa umefufua mtu. Hatuna madaraka hayo. Rudisha nyuma, ionekane hakufa."

Tangu msiba faili halikuwa limefungwa. Stanislausi alikataza kompyuta isizimwe, isije ikasahau. Ilikumbuka kila kilichofanywa, lakini ilirudi kwa utaratibu wake: cha mwisho kwanza. Hyasinta akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Stoo iliyohamishiwa Nyamuswa ikarudi Bugwema.

Stanislausi akanyanyua simu papo hapo, akampigia karani wa stoo hiyo. "Keraryo? Pakia hayo magunia uyarudishe. Bado hujahama."

Hyasinta akabonyeza tena. Cheo cha Kaimu Meneja kikatoweka. Stanislausi akawa tena mtunza stoo.

"Simama! Nani amekuruhusu kuendelea?"

"Si wewe, bosi?"

"Mimi mtunza stoo. Muulize meneja."

"Meneja ni marehemu."

"Hata mimi ni marehemu," alisema Masatu. "Mwenzake nakuruhusu. Bonyeza, dada. Akikasirika tutamalizana hukohuko."

Hyasinta akabonyeza. Kina Masatu wote wakawa hai, fundi pamoja na meneja.

Stanislausi alisoma mara mbili. "Huyu tulimzika. Jeneza nimelibeba mwenyewe. Rudisha mbele!"

"Mbele kinaanza kifo, ndipo kinafuata cheo chako. Hairuki."

"Basi wafe kwanza. Nikishakuwa kaimu nitawashughulikia mmoja mmoja."

"Bosi, mke wangu haliagi mara mbili," alisema Masatu. Akamgeukia Hyasinta. "Hiyo mbele inafutikaje, dada?"

"Ukiandika chochote sasa. Hata nafasi tupu."

Masatu alinyoosha kidole chenye grisi, akagonga kitufe kirefu cha chini. Faili likaongezeka nafasi moja tupu, na njia ya kurudi mbele ikafungika.

Printa ikakwaruza karatasi ya Masatu. Alipoikunja na kutoka kuwahi basi la Bunda, Stanislausi alikuwa amekwisha kuhama kiti cha meneja na alikuwa anakipangusa kwa leso. Kwa mujibu wa faili, meneja mwenyewe angeweza kuingia wakati wowote.